Ukoo wa Makombo

Dobi alikuwa amejifunza kucheka kabla ya wenzake. Muuguzi akitoka mlangoni na kuita, "Makombo! Makombo yuko wapi?" na benchi zima la wagonjwa likageuka, yeye alikuwa ameshasimama na kicheko chake: "Niko hapa dada, bado sijatupwa." Watu wakacheka naye, mambo yakaisha. Mzaha ukiuwahi hauumi sana. Ndivyo alivyomwambia mwanawe wa pekee zamani, mtoto alipokuwa akirudi kutoka shule macho mekundu kwa sababu darasa zima lilimwekea maganda na mifupa kwenye dawati.

Mtoto hakuukubali ujanja huo. Alikua na uso mgumu, akasoma kwa hasira, akapata kazi kwenye kampuni ya bima, ofisi ya ghorofani. Kwenye kadi zake jina la kwanza liliandikwa kirefu, la ukoo likabaki herufi moja na nukta.

Baba mtu alifanya kazi kwenye chumba kimoja chenye dirisha la barabarani. Humo mlikuwa na meza iliyovikwa blanketi lenye alama za kuungua, pasi mbili, ya umeme na ya mkaa kwa siku umeme ukikatika, ndoo ya wanga, na kamba zilizopita juu kama utando wa buibui. Vidole vyake vilikuwa vimepauka kwa dawa ya madoa. Mkewe alifariki mtoto akiwa bado anatambaa. Chumba cha nyuma aliishi Shangazi, dada wa marehemu baba yake, aliyemlea Dobi tangu utotoni. Miguu ilikuwa imemgomea, lakini ulimi ulikuwa mzima. Wateja wakigombana dirishani, yeye ndiye aliyetoa hukumu kwa sauti kutoka kitandani.

Siku moja mwana akataka kuoa, na Dobi akaenda naye kujitambulisha kwa wakwe. Alivaa suti ya mteja aliyesafiri. Msemaji wa upande wa pili alikuwa mjomba wa bibi harusi, mkandarasi wa barabara, mtu wa tumbo na vicheko. Aliposikia jina aliweka kikombe chini.

"Makombo? Yale ya sahani?"

"Hayo hayo," Dobi akasema, akatangulia kucheka.

"Jamani! Tumemsomesha binti mpaka chuo kikuu, leo aje aitwe Bibi Makombo! Wenzetu wanaitwa karamuni, sisi tunaitwa kuosha vyombo."

Sebule ikaangua kicheko. Hata bibi harusi alifunika mdomo. Mjomba akajifuta macho kwa leso, kisha uso wake ukabadilika.

"Utani kando, mzee mwenzangu. Nyinyi ni watu wa wapi? Jina hili mmelitoa wapi? Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Sasa asiyejua kwao, huyo tumwite nani?"

Dobi akaangalia viatu vyake. Mwanawe alijibu kwa niaba yake, sauti imekauka: "Tutawaletea jibu."

Walipofika mlangoni kijana akamgeukia baba yake. "Ulicheka," akasema.

"Ningefanya nini, baba?"

"Wanakutemea mate, wewe unawashikia kopo."

Jibu alikuwa nalo Shangazi. Alikuwa amelisimulia mara nyingi, ila jioni hiyo walimkalisha na mito mgongoni ili alisimulie vizuri. Makombo, alisema, halikuwa jina lao. Babu yake Dobi, yaani baba yake yeye Shangazi, alizaliwa ng'ambo ya milima kwenye ukoo mkubwa wa wahunzi, ukoo wa Nyundo. Vita vilipowatawanya alivuka na mkewe na watoto, yeye Shangazi akiwa binti mdogo, baba yake Dobi akiwa bado anabebwa mgongoni. Wakafika kwenye machimbo ya mawe kuomba kazi. Walifika wenzao wameshakula, wakakwangua sufuria. Nyapara akawaona, akacheka, akamwambia karani, "Hawa andika Makombo." Basi. Miaka ya machimbo ikaisha, wakahamia mjini, na jina likawafuata kama mbwa asiye na bwana.

"Kwa hiyo sisi ni Nyundo," kijana akasema. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, uso wake ulilegea.

"Damu haipotei," Shangazi akajibu, akageukia ukutani.

Kijana akamkatia baba yake tiketi. Alitaka mtu wa ukoo huo, mmoja tu, aje siku ya harusi asimame na kusema hawa ni wetu.

Dobi alianzia machimbo. Basi lilimshusha kwenye mji mdogo wenye vumbi jeupe mpaka kwenye majani ya miti. Machimbo yenyewe yalikuwa yamefungwa zamani, yamebaki shimo kubwa lenye maji ya kijani, wanawake wakifulia ukingoni. Alielekezwa kwa mzee aliyekuwa mlipua miamba, ambaye baruti ilikuwa imekula masikio yake yote mawili. Dobi akapiga kelele kueleza habari za nyapara aliyegawa majina.

"Nyapara?" Mzee akatikisa kichwa. "Nyapara hakuwa na muda huo. Aliuliza mara moja, ulilosema ndilo likaandikwa. Kulikuwa na mtu hapa alijiita Waziri, akaandikwa Waziri, akachimba mawe mpaka akafa, anaitwa Waziri. Hapa hakuna aliyepewa jina, bwana. Kila mtu alikuja na lake."

Dobi aliona mzee amezeeka na hasikii vizuri. Akamshukuru, akapanda lori la kuvuka milima.

Ukoo wa Nyundo haukuwa na haja ya kutafutwa. Ukishuka tu kituoni unauona: karakana ndefu kando ya barabara kuu, mageti na madirisha ya chuma yameegemezwa ukutani, cheche zinaruka, vijana wenye miwani ya kuchomelea wamepiga magoti, na juu ya lango jina limekatwa kwa bamba la chuma, kila herufi kubwa kuliko kichwa cha mtu. Dobi alisimama chini ya herufi zile akajikuta machozi yanamtoka, mtu mzima, na mfuko wake wa safari kwapani.

Walimpokea vizuri mno. Aliposema tu kwamba babu yake alitoka kwenye nyumba ile wakati wa vita, wanawake walitoka ndani wakipiga vigelegele: ndugu amerudi! Akapewa kiti chenye mto. Msichana akamletea maji kwenye gilasi juu ya sahani. Mmoja akaapa kwamba masikio ya Dobi ni ya ukoo kabisa. Dobi alikaa amenyooka, mikono juu ya magoti, akijaribu kuzoea kutazamwa namna ile.

Kisha akaja mkuu wa ukoo, mzee mrefu, safi, mpole wa sauti. Akamshika Dobi mkono kwa mikono yake miwili.

"Karibu nyumbani. Babu yako alikuwa nani?"

"Nyundo."

"Sote ni Nyundo hapa," mzee akatabasamu. "Jina lake mwenyewe?"

Jina la kwanza la babu yake Dobi hakulijua, hata Shangazi alimwita baba tu. "Huko tulikokimbilia," akasema taratibu, "walimbandika jina baya. Walimwita Makombo."

Mkono wake ukaachiwa. Mzee hakukasirika. Alimtazama kama mtu aliyekumbushwa kitu kilichopotea ghalani miaka mingi.

"Kumbe alifika," akasema. "Na kizazi chake kipo."

Akavuta kiti, akaeleza bila kuficha, kwa sababu hakuona la kuficha. Wakati wa njaa kuu, mtu mmoja asiyejulikana alipita karakanani na mtoto wa kiume mkononi. Hakuwa na kitu kingine. Akamwacha mtoto, akachukua jembe. "Jembe jipya kabisa," mzee alisisitiza, "si bovu. Babu yangu hakuwa mtu wa kudhulumu." Mtoto akawekwa kwenye viriba, mifuko ya ngozi ya kupulizia moto wa chuma, kazi yake kuvukuta tangu alfajiri. Alilala humo humo, kwenye majivu. Ukoo ulipomaliza kula, naye alikula. Ndiyo maana akaitwa hivyo.

"Wala halikuwa tusi. Lilikuwa jina lake tu. Hata alipooa, tulimwozesha mjakazi wetu. Vita vilipokuja, akavitumia. Akatoroka na mke na watoto, wote wa nyumba hii. Marehemu baba alisikitika sana. Viriba vilipata shida."

"Yule mtu wa jembe," Dobi akauliza, "alitoka wapi?"

"Nani amuulize? Wewe ukinunua kuku unauliza kiota?"

Msichana aliyeleta maji akaja akachukua gilasi. Maji yalikuwa bado nusu. Wanawake walikuwa wameshaingia ndani mmoja mmoja, na yule wa masikio hakuonekana tena.

"Sasa unafanya kazi gani huko?" mzee akauliza, kwa adabu ya kumsindikiza mgeni.

"Dobi."

"Aa, vizuri. Mmeendelea kutumika." Akampigapiga begani. "Usiende na njaa. Subiri kidogo, watu wakishakula watakuwekea."

Dobi hakusubiri. Alitembea mpaka kituoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuona cha kuchekea.

Aliporudi alimkuta mwanawe chumba cha nyuma, anamsubiri kando ya kitanda cha Shangazi. Alieleza yote akiwa amesimama, mfuko bado kwapani. Hakupunguza kitu, wala jembe. Alipomaliza akamgeukia Shangazi.

"Ulijua?"

Ulimi ule uliohukumu mtaa mzima ukawa unatafuta pa kuanzia.

"Nilikuwa nimemshika baba shati," akasema hatimaye. "Nyapara akamuuliza, unaitwa nani? Kwa sauti ya kawaida, wala hakutukana mtu. Baba angeweza kusema jina lolote la dunia hii. Hakuna aliyemjua pale. Angesema Simba, angesema Sultani. Akasema Makombo. Hakulijua jingine." Akajifuta uso kwa kona ya shuka. "Nikaona afadhali dhambi aibebe nyapara."

Dobi akakaa chini, kwenye sakafu. Alitegemea mwanawe atasema neno kwa bibi aliyewalea wote wawili. Kijana alikuwa anafikiria jambo jingine.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi ungekuja ukasema Nyundo tu, ukanyamaza. Nani alikuomba ukweli?" Akasimama, akarekebisha mikono ya shati, shati ambalo baba yake alilipiga pasi mwenyewe. "Mimi nitaoa kwa jina la Nyundo. Lakini wewe walishakusikia unajiita Makombo, tena unacheka. Kwa hiyo nimewaambia wewe si mzazi wangu. Baba yangu alikuwa Nyundo, fundi wa chuma, akafariki nikiwa mdogo. Wewe ulinilea."

"Umeshawaambia?"

"Wiki iliyopita."

Shangazi akatoa sauti ya mtu aliyechomwa. Dobi akainua mkono kumtuliza.

"Na siku ya harusi?" akauliza.

"Uje. Watu wataona vibaya usipokuja. Wakikuuliza chochote usieleze. Cheka tu. Hilo unaliweza."

Akaenda. Wapo waliomlaumu baadaye kwa kwenda, lakini alikuwa na mtoto mmoja. Suti ya bwana harusi aliinyoosha kwa mkono wake, mshono kwa mshono, na kitambaa chenye unyevu juu ili isiungue. Ukumbini alikalishwa meza ya katikati, pamoja na mafundi wa taa. Bango lenye jina la Nyundo lilikuwa limening'inizwa nyuma ya maharusi, limepambwa kwa maua.

Sherehe ilipochangamka, mjomba mkandarasi alishika kipaza sauti. Akasema kuna mtu humu ndani anastahili heshima. Akaomba mzee Makombo asimame. Taa ikamgeukia.

"Huyu mzee," mjomba akasema, na safari hii hakuwa anatania, "hana chochote. Lakini aliokota mtoto wa watu, mtoto wa ukoo mkubwa, akamlisha kidogo alichonacho mpaka akawa huyu mnayemwona. Mzee, sisi tulikucheka siku ile. Utusamehe. Kulea kisicho chako si mchezo!"

Ukumbi ukapiga makofi. Wanawake wengine walilia. Dobi alimtafuta mwanawe kwa macho, kule mbele, na mwanawe naye alikuwa anapiga makofi, polepole, anatazama meza. Basi Dobi akacheka, kama alivyoagizwa, mpaka taa ikamwacha.

Shangazi alifariki mvua za mwaka uliofuata. Tangu siku alipokiri ukweli hakuwa amehukumu tena ugomvi wa dirishani. Kijana alipigiwa simu, akasema mkewe ni mjamzito na barabara ni mbaya, akatuma shada. Shada lilikuwa na utepe, na kwenye utepe hapakuwa na jina la mtu.

Makaburini walikuwa wateja wachache na majirani chini ya miavuli. Msimamizi wa maziko, mgeni mtaani, akainama kumuuliza Dobi marehemu atangazwe kwa ukoo gani.

"Makombo," Dobi akasema.

"Samahani, mzee?"

"Makombo."

Nyuma kule mtu akashindwa kujizuia, akapaliwa na kicheko, na mwingine akaambukizwa. Dobi akageuka akawatazama, uso wake hauna kitu. Akangoja mpaka walipomaliza. Kisha akachukua koleo kutoka kwa aliyekuwa karibu naye, akaanza kufukia.