Meno ya Juu ya Neema

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, kazi yangu kila nikitoka shule ilikuwa kumchekesha mdogo wangu Neema wakati mama akipalilia maharage. Nilijifunika kanga usoni, nikaifunua ghafla, naye alicheka mpaka akapata kwikwi.

Siku moja Bibi, mama yake baba, alimwona akicheka, akainama. Akamfungua mdomo kwa kidole. Vijino viwili vilikuwa vimechomoza kwenye ufizi wa juu, na chini hakuna kitu.

"Kigego," alisema kwa sauti ya chini. Kwetu Usambaani, mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu aliogopwa sana. Iliaminika kwamba analeta mkosi nyumbani, na kwamba anaanza na watu wake wa karibu. Bibi akanishika sikio. "Usimwambie mtu. Na usimchekeshe tena. Akikuchekea na meno hayo, umekwisha."

Nikaacha. Nilimbeba mgongoni tu, ili tusitazamane. Nikimlaza mkekani alininyooshea mikono, nami nikageukia pembeni. Hadi leo hilo linaniuma.

Baba alikuwa kasisi wa Kianglikana pale Bungu, na mmoja wa Ndugu wa uamsho, wale waliojiita waliookoka. Kila Alhamisi alasiri walikusanyika sebuleni kwetu kwa ushirika, na desturi yao ilikuwa kutembea nuruni: kila mmoja alisimama akatubu dhambi zake mbele ya wenzake, hata zile ambazo jirani angependa asizisikie. Nilimsikia mzee wa kanisa akikiri kwamba amemtukana ng'ombe wake. Mama mmoja alikiri kwamba anamwonea mama yangu wivu kwa sababu ya sufuria mpya, na mama ikabidi amkumbatie huku amekunja uso. Mtu akimaliza kutubu, wote waliimba. Sisi watoto tulichungulia mlangoni, tukifaidi.

Baba alikuwa ametangaza kwamba Neema atabatizwa Jumapili ya kwanza ya mwezi. Ikaja, ikapita. Alisema baridi ni kali. Mwezi uliofuata akasema mtoto ana mafua. Hakuwa na mafua. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpangusa pua.

Alhamisi iliyofuata, baba alisimama.

"Ndugu zangu, nimewadanganya. Mwanangu haumwi. Ameota meno ya juu, nami ninangoja ya chini yatoke ndipo nimbatize. Nawahubiria kwamba Bwana ameyashinda hayo yote, lakini nyumbani kwangu naogopa hata kumpakata."

Nilingoja waimbe. Hakuna aliyeimba. Mzee wa kanisa, yule wa ng'ombe, alitazama viatu vyake. Ndipo nilipotambua kwamba watu wazima wote mle ndani walikuwa wakiogopa kitu kilekile nilichokiogopa mimi.

Bibi akatokea jikoni, mwiko mkononi. "Umetuanika! Umetuanika mbele ya Bungu nzima!"

"Ndiyo, mama. Nisamehe," baba alimjibu kwa upole.

Kisha akaja mlangoni niliposimama, akamtoa Neema mgongoni kwangu, akampakata uso kwa uso nami. "Mchekeshe, mwanangu."

"Baba, nitakufa."

"Basi nitaanza mimi."

Akamgeuza Neema amwelekee, akachukua kanga niliyombebea, akajifunika. Baba yangu hakuwa mtu wa michezo. Aliifunua polepole mno, huku amekaza uso kama yuko madhabahuni, na Neema akamkodolea macho, halafu akaangua kicheko. Nikaichukua kanga nami. Alinichekea hivyohivyo, meno yote mawili nje, na mimi nikalia na kucheka kwa pamoja. Nilikuwa nimemkumbuka sana. Nyuma yetu mtu mmoja alianza kuimba, na wengine wakaitikia.

Jioni ile nilikula ugali wangu kama mtu anayeaga. Asubuhi nikaamka mzima, nikachelewa shule.

Neema alibatizwa Jumapili ya wiki hiyohiyo. Miezi mitatu baadaye Bibi aliteleza kwenye matope, akavunjika mguu, na sijawahi kumwona mtu aliyefurahia kuvunjika mguu namna ile. "Niliwaambia," alimwambia kila aliyekuja kumpa pole, huku amempakata mjukuu wake na kumlisha uji.

Neema sasa ana watoto watatu na bustani ya mboga karibu na Irente. Baba alituacha akiwa mzee sana. Mwaka wake wa mwisho nilimuuliza kama hofu ilimtoka siku ile alipotubu.

"Wapi," alisema. "Bibi yako alipovunjika mguu, sikulala siku mbili."

Tulicheka sote. Lakini nilifurahi kulisikia lile jibu, na bado linanifurahisha. Kasisi asiyeogopa asingenisaidia kitu pale mlangoni. Ningemwona mtu mkubwa anayejua mambo ya wakubwa. Aliyesimama mbele yangu alikuwa mwoga mwenzangu, na ndiyo maana nilimwamini.