Pilau ya Shukrani

Mama yangu alipoambiwa kliniki kwamba virusi vya Ukimwi havionekani tena kwenye damu yake, alinunua mbuzi. Mbuzi alichinjwa uani kwetu, mtaa wa Mabawa, watu wakasoma dua, wakala pilau, wakaondoka bila kujua wameshukuru nini. Huku kwetu hilo si tatizo. Mtu akialikwa shukrani haulizi, anakula.

Kesho yake mama akaacha dawa. Hakuniambia. Nilikuja kugundua alipopata mkanda wa jeshi, yale malengelenge yanayozunguka ubavu mmoja na kuchoma hadi khanga haivaliki. Nilifungua kabati nitafute pamba, nikakuta makopo ya vidonge yamejaa, yamepangwa vizuri kama sukari ya Ramadhani.

Nafundisha baiolojia sekondari. Nimewaeleza watoto wa watu habari za chembe nyeupe za damu mpaka wakasinzia, na mama yangu mwenyewe anaungua ubavu chumba cha pili. Nilikasirika sana. Niliogopa zaidi.

"Mama, unataka kufa?"

"Miye nishamshukuru Mungu mbele za watu. Nikirudi kumeza, si nitakuwa nimewalisha pilau ya uongo?"

Kwa hilo kitabu cha kidato cha tatu hakina jibu. Nikaanza na nililokuwa nalo. Nikamwambia kipimo kinahesabu virusi vinavyoelea kwenye damu tu. Vingine vimelala ndani ya chembe zilezile zinazotakiwa kuamrisha ulinzi wa mwili. Dawa haiviui hivyo, inavizuia visizaane vikiamka. Ukiiacha, chembe hizo zinaanza kufa, na zinazobaki zinakesha bila kupumzika mpaka hazijui tena adui ni nani.

Mama alinitazama kama wanavyonitazama wanafunzi.

"Unawakumbuka sungusungu wa mtaa huu?" nikamwuliza.

Aliwakumbuka. Wizi ulipozidi, wanaume walikesha wakilinda mtaa mfululizo bila zamu, mpaka alfajiri moja wakamkamata mwadhini, na wezi wakaondoka na baiskeli yake. Mama akacheka, akashika ubavu, akalia kwa maumivu, akacheka tena.

"Kwa hiyo hawa wangu ndo washamkamata mwadhini."

"Ndiyo, mama."

"Basi kesho nipeleke kliniki."

Kliniki walimfokea kidogo, wakampima, wakamrudishia dawa. Ubavu ulipopoa akanituma mchele. Alisema watu walishukuru kitu wasichokijua, na safari hii atawaambia. Nilimsihi asifanye hivyo. Nilimweleza mtaa ulivyo, kana kwamba mtaa huo nilihamia kabla yake.

Aliwaambia wanawake wakiwa uani wanamenya vitunguu. Alisema ana virusi, alisema alidhani amepona, akaomba apewe kisu kikali zaidi. Jirani yetu wa ukuta mmoja akaweka kisu chini, akaondoka bila kuaga. Nikasema moyoni, haya, ameanza mmoja.

Akarudi. Alikuwa amefunga kitu kwenye pindo la khanga. Akakifungua, akaweka kopo la vidonge katikati ya vitunguu. Akamwuliza mama anameza saa ngapi, maana yeye miaka yote amekuwa akimezea chooni.

Mama akamsogezea kigoda.

"Saa tatu, baada ya Isha," akasema. "Uje umezee hapa."