Mikorosho Katikati ya Mahindi

Mama alikuwa anapukuchua mbaazi barazani kwetu Mkotokuyana, nami namsaidia huku redio ya simu ikisema. Walikuwa wanaeleza kauli ya mahakama ya kimataifa: makazi ambayo Israel imewajengea watu wake kwenye ardhi ya Wapalestina ni kinyume cha sheria, na waliowekwa humo waondolewe. Kiswahili cha redio kinampita mama, akaniomba nimweleze kwa Kimakua.

Kwa mambo hayo mdomo wangu hauna breki. Nafundisha uraia sekondari, na walimu wenzangu wamenichoka. Nikamwambia kwamba aliyeshika ardhi ya wengine kwa vita huishika kwa muda tu, na Mkataba wa Geneva unamkataza kuhamishia humo raia wake. Israel inabisha, inadai ardhi ile ina mgogoro na haikuwa na dola iliyoimiliki kihalali. Mahakama haikuikubali hoja hiyo. Nyumba hata ikae miaka mingapi, nikasema kwa ukali, haigeuki kuwa halali.

Mama akaacha mbaazi. "Na miti je?"

Nikauliza miti gani. Akatazama njiani kwanza, kisha akasema. Wazazi wangu walipofika kutoka Msumbiji, mzee mmoja mwenyeji aliwaazima shamba hili tunalolima na kuishi hadi leo. Sharti lilikuwa lile lile wanalopewa wageni huku: lima mahindi, lima ufuta, lima mbaazi, ila mkorosho usipande, maana aliyepanda mti wa kudumu ndiye mwenye shamba. Baba akaitikia. Msimu wa tatu akapanda mikorosho kumi na miwili katikati ya mahindi, ambapo mpita njia haioni. Mwenye shamba alikuwa mgonjwa mwaka ule, hakuja kukagua, na baadaye akafariki.

"Marehemu baba yako alisema alikuta pori," mama akaongeza. "Na sisi hatukuja na bunduki."

Ni kweli hatukuja na bunduki, na neno hilo nililishika kwa mikono miwili. Hata hivyo halikunitosha. Korosho zile ndizo zilizonisomesha. Mama hana shamba jingine wala nyumba nyingine, na mjane wa yule mzee yu hai, anaishi Narung'ombe kwa binti yake. Wiki nzima niliogopa kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya nyumba yetu. Darasani niliiruka mada ya sheria za kimataifa, nikawaambia wanafunzi tutairudia. Nilijiona mnafiki, lakini woga ulikuwa mkubwa kuliko aibu.

Likizo ilipoanza nikakodi bodaboda hadi Narung'ombe. Mama alinisindikiza mpaka barabarani. "Ukishasema," akaniuliza, "mimi nitakaa wapi?" Nikapanda pikipiki.

Bibi, yule mjane, alinipa kigoda na maji ya kunywa. Nilimweleza yote kuanzia kwenye redio, naye akasikiliza akilisugua goti lake.

"Hiyo mahakama iliposema watoke," akauliza, "walitoka?"

"Hawajatoka, bibi."

"Bado wanajenga?"

"Bado wanajenga."

"Kumbe na weye umekuja kuniambia tu."

Nilijiandaa kutukanwa, nilijiandaa hata kuitwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Kwa hilo sikujiandaa. Nikamwambia hapana, twende naye leo hii, ofisi ya kijiji iandike kwamba shamba ni lake na mikorosho ni yake, halafu yeye ndiye aseme tukae au tutoke. Akaingia ndani, akatoka amejifunga khanga nyingine.

Ilibidi tupitie nyumbani kumchukua mama awe shahidi, kwa kuwa sharti lile alilisikia kwa masikio yake. Alikuwa barazani. Alipomwona bibi akishuka kwenye pikipiki hakuuliza tumekubaliana nini. Alimwamkia, akaingia ndani, akaanza kutoa sufuria zake nje.