Amekufa mara 29 kwenye maigizo, sasa anahofia kutosikia zamu yake

Saa tatu asubuhi, ukumbi bado una baridi na viti vyake vimefunikwa mashuka kuzuia vumbi. Jukwaani, mwanamume wa miaka 61 amekaa kwenye kiti cha mbao, macho yameganda kwenye mabega ya binti aliyempa mgongo.

Binti huyo, anayeigiza kama mwanawe, anaongea akitazama dirishani. Mzee anahesabu mabega: yanapanda, yanashuka, yanapanda tena. Yanaposhuka mara ya nne, anafungua kinywa na kujibu.

Amepatia. Jasho linamtiririka kama aliyeshusha magunia.

Mtaani wanamwita Marehemu. Katika miaka 31 ya kazi ameigiza nafasi 47, jukwaani na kwenye filamu, na katika 29 kati ya hizo alikufa: kwa risasi, kwa sumu, kwa kuanguka ghorofani, na mara moja kwa kicheko.

"Sura wanaijua, jina hawalijui," anasema. "Mtu ananishika mkono sokoni, 'Wewe si ulisoma na kaka yangu?' Namwambia ndiyo, msalimie. Nianze kumweleza nini?"

Kwenye sanaa aliingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa seremala wa ukumbi huu huu, akigongelea ngazi za jukwaa, siku mwigizaji wa nafasi ya mhudumu wa hoteli alipougua ghafla.

"Muongozaji akanikuta na misumari mdomoni. Akaniuliza, unaweza kubeba trei? Nikasema naweza hata kuitengeneza."

Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, amepewa nafasi ya mhusika mkuu: tarishi mstaafu ambaye binti yake amerudi nyumbani baada ya miaka tisa. Ni mtu anayebaki hai mpaka pazia linafungwa. Shida ni kwamba masikio yamemgeuka.

Yalianza miaka miwili iliyopita, wakipiga filamu. Alikuwa amelala chini, akikata roho. Muongozaji akapaza sauti kwamba wamemaliza, yeye akaendelea kukoroma na kutupa miguu. Wapiga picha walimpigia makofi, wakisema mzee amezama kwenye uhusika.

"Nikacheka nao," anasema, sauti ikishuka. "Sikuwa nimesikia kitu. Nilipofika nyumbani nilijifungia chooni, nikawa napiga vidole karibu na sikio la kushoto. Kimya."

Tangu hapo aliishi kwa ujanja. Akawa anakariri maneno ya wenzake wote pamoja na yake, na anasoma midomo. Hospitali aliogopa kwenda, asije akatoka na karatasi ya kumfukuzisha kazi.

Jumanne iliyopita ujanja ulifika mwisho. Katika mazoezi, binti akaruka mistari miwili. Mzee, aliyekuwa akihesabu mabega, akajibu swali ambalo halikuulizwa.

"Mzee wangu, uko nasi kweli?" muongozaji wa sasa, mama wa makamo mwenye maneno machache, alimuuliza.

"Nimepotea kidogo tu," alijibu.

Usiku ule alimweleza mkewe, naye akamtazama bila mshangao.

"Baba watoto, miaka miwili naongea na mgongo wako haugeuki. Ulidhani sijui? Nilikuwa nasubiri uniambie mwenyewe."

Kesho yake asubuhi alikwenda kukiri. Muongozaji alimsikiliza, kisha akamvuta pembeni mwenye kampuni ya maigizo. Wakasimama karibu na mlango, migongo yao kwake, wakazungumza dakika kumi.

"Walikuwa wanaamua maisha yangu hatua kumi kutoka nilipokaa," anasema, "na sikuambulia hata neno moja. Nilitazama visigino vyao."

Uamuzi ulikuja na masharti. Nafasi bado ni yake, lakini mwigizaji mwingine anakariri mistari hiyo hiyo tayari kuchukua kiti, na Alhamisi ya wiki hii lazima apimwe masikio. Onyesho la kwanza ni Ijumaa.

Baada ya zoezi la asubuhi hii, binti wa jukwaani aliomba abadilishiwe pahali pa kusimama. Muongozaji akakataa; mgongo ule, alisema, ndiyo tamthilia yenyewe. Basi binti akasogeza meza ya jukwaani hadi chini ya dirisha, kati yake na kiti cha mzee.

"Baba, weka kiganja hapa," alimwambia. "Nikimaliza kusema, nitaigusa kwa goti. Mbao utaisikia kwa mkono."

Wamejaribu mara kumi na mbili. Mara mbili goti lilichelewa. Mara moja mzee alidhani ameguswa, akajibu binti akiwa bado anaongea.

Ana mpango: akishauriwa kuvaa mashine ya kusikia, ataivaa, hata jukwaani. "Kwani matarishi wote wanasikia?" Anataka kumaliza maonyesho yote tisa, kisha akubali kibarua cha kufundisha chipukizi, kazi aliyoikwepa kwa kuogopa maswali yao.

Kwa Ijumaa ameomba jambo moja tu: kiti cha mkewe kiwe mstari wa mbele, katikati.

"Uso wake naujua kuusoma," anasema. "Nikikosea, yeye atajua kwanza. Mimi nitakuwa wa pili, na nitakuwa na muda wa kurekebisha."