Saa za Kupeleka kwa Fundi

Wageni wachache wanaofika kwangu Lizaboni, hapa Songea, hushangaa wakiona saa. Ziko kwenye sinia la mbao juu ya kabati, nyingine nimezitundika ukutani kwa misumari midogo. Zote ni za mkononi, zote za ufunguo, na zote zinatembea. Husema, "Mzee, wewe unavijua vitu vizuri." Nawaacha waamini hivyo. Mtu akidhani una jicho la kuchagua vitu anakuheshimu, na heshima kwa mtu anayekula peke yake si kitu cha kukataa. Lakini mimi sikuanza na saa hizi, wala sikuzifikia kwa sababu ya uzuri wake.

Nilianza na saa za namba. Kabla ya hapo maduka ya Songea yalikuwa na rafu ndefu zenye vitu vichache: viberiti, majembe, kitambaa cha rangi moja. Ukitaka sabuni upange foleni, na afadhali uwe unamjua mtu. Kisha ruhusa ikatoka watu walete bidhaa kutoka nje, na mji ukaanza kubadilika rangi tukiutazama. Vijana wakapita mitaani na maboksi wazi kifuani, ndani yake saa nyeusi za plastiki zisizo na mishale. Ukibonyeza kitufe kimoja inawaka taa, ukibonyeza kingine inapiga wimbo. Wakati huo nilikuwa karani kwenye ghala la shirika lililonunua mazao, mtu wa mshahara, nikanunua. Kisha nikanunua nyingine kwa sababu ile ya kwanza haikuwa na wimbo.

Mke wangu hakuzitaka hata kidogo. Yeye alikuwa na saa yake moja ya ufunguo, ndogo, aliyopewa na masista aliofanya nao kazi ya ushonaji kabla hatujaoana. Kila asubuhi aliitia ufunguo akiwa amesimama mlangoni, kabla hajawafungulia kuku. Nilipomvisha ile ya namba aliitazama kwa muda, akaivua.

"Sasa ng'ambo iko wapi?" akauliza.

Nilimwelewa. Sisi sote tulifundishwa kusoma saa kwa kuvusha macho. Mshale mfupi uko kwenye saba, macho yanaruka ng'ambo hadi kwenye moja, nawe unasema saa moja. Hakuna anayefikiri. Lakini saa ya namba inakuandikia saba, basi, haina ng'ambo ya kurukia. Inabidi utoe sita kwa kichwa. Mke wangu alisema hawezi kufanya hesabu ili ajue kama maharage yameiva.

Nilimcheka, nikamwita mtu wa zamani. Jumapili moja saa yangu ikapiga wimbo kanisani, wimbo wote, padri akiwa ameinua hostia. Nilibonyeza kila kitufe, nikawasha na taa. Mke wangu alitazama mbele kana kwamba hanijui, na hakusema nami mpaka tulipofika nyumbani, ambako alikaa jikoni akacheka mpaka akashika ukuta. Kicheko kile nimekikumbuka mara nyingi kuliko misa zote nilizowahi kusali.

Baadaye nilichoka na plastiki nikahamia kwenye dhahabu. Rangi ya dhahabu, nisidanganye. Zilikuwa saa za betri, zina mishale, zina mkanda wa chuma unaobana malaika ya mkono. Nilikuwa na ya kazini, ya kanisani na ya harusi za watu. Pale ghalani nilikunja mkono wa shati la kushoto tu, na mkono huo ndio uliotangulia kuingia kila ofisi. Wenzangu walinitania, wakaniita mheshimiwa, nami nilifurahi. Saa za namna ile zinataka watu wa kuzitazama.

Watu hao wakaisha. Wanunuzi binafsi walianza kuja na malori yao hadi kwa mkulima, ghala letu likabaki na panya na mizani, nasi tukapunguzwa. Mmoja alirudi kwao Mbinga, mwingine akafungua kioski, mwingine sikumwona tena. Asubuhi nilivaa saa yangu ya dhahabu nikakaa kibarazani. Rangi ilianza kubanduka mahali inapogusana na mkono, chini yake bati jeupe.

Majira ya baridi yaliyofuata, wakati ukungu wa milima ya Matogoro unakaa mjini hadi mchana, mke wangu aliugua. Sitaeleza ugonjwa wenyewe. Watoto wetu wawili walikuja, mmoja kutoka Mbeya na mwingine Dar es Salaam, tukamzika.

Pale msibani ndipo fundi saa alipoingia maishani mwangu. Nilikuwa namfahamu kwa sura tu: Myao mwembamba wa upande wa Namtumbo, mwenye meza yake pembeni ya soko kuu na sanduku la kioo juu yake. Wayao na sisi Wangoni ni watani, na mtani msibani ana ruhusa ya kufanya mambo ambayo mwingine angefukuzwa kwa rungu. Alikuja na wenzake, akajifunga kanga ya marehemu kiunoni, akakaa kwenye kigoda chake. Akapaza sauti akimwiga mke wangu, "We Mngoni, amka! Jua limetoka, kuku hawajafunguliwa, umelala tu!" Watu walicheka huku wanalia. Mimi nililia tu, maana kuku kweli walikuwa bado bandani.

Kisha akaingia ndani akatoka na ile saa ndogo ya mke wangu. Ilikuwa imesimama, hakukuwa na mtu wa kuitia ufunguo.

"Hii nimeikamata," akatangaza. "Mwenye nyumba aje kuikomboa mwenyewe. Asitume mtoto."

Ndiyo desturi. Mtani hukamata kitu, akapewa chochote, kuku au kanga, akakirudisha palepale, mambo yakaisha kwa kicheko. Dada yangu alimpa jogoo. Akamkataa. Dada akampa kitenge. Akakikataa pia, akaweka saa mfukoni akaondoka nayo. Ndugu zangu walinung'unika kwamba mtani amepitiliza.

Matanga yakaisha. Watoto wakapanda basi. Nyumba ikanyamaza namna ambayo sikuijua, hata kijiko nilikiweka mezani polepole, kana kwamba kuna mtu amelala. Nilivumilia kadiri nilivyoweza, kisha nikaenda sokoni.

Fundi alikuwa na lenzi yake nyeusi jichoni. Hakuitoa aliponiona.

"Mngoni, nipe shikamoo yangu."

"Wewe ndiye unipe," nikamwambia. "Mimi nimekuzidi mvi."

"Mvi ni uchafu. Kaa."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Saa ya mke wangu ilikuwa imesafishwa, kioo kinang'aa, inatembea. Lakini mshale mfupi ulikuwa kwenye nne, na jua lilikuwa la saa nne.

"Umeiharibu majira," nikasema. "Saa nne mshale unakaa kwenye kumi."

"Mshale uko kwenye nne nami nasema nne. Wewe uko kwenye kumi unasema nne. Nani kaharibu?"

"Watu wote wanasoma hivyo."

"Basi wote mmezoea kusema msichokiona."

Saa zote zilizopita mezani pake alizitegesha hivyo, na wateja wake wote waligombana naye. Wengi waliigeuza mishale wakiwa bado hapohapo. Nilipouliza ukombozi ni nini, alisema ni chai, mimi ninunue, nami nikae mpaka aimalize. Sijaona binadamu anayekunywa chai polepole namna ile. Jua lilitoka upande mmoja wa meza likafika upande wa pili. Niliporudi nyumbani nilikuwa nimeongea na mtu mchana kutwa, na niliilaza saa kabatini bila kugusa mishale.

Haikupita wiki ikasimama. Niliitikisa, nikaitia ufunguo, wapi. Nitasema kweli: nilifurahi. Nilioga, nikavaa shati safi, nikaipeleka.

Hapo ndipo upendeleo wangu ulipobadilika, na naweza kuonyesha kabisa mahali pa kugeukia. Saa ya betri haimhitaji mtu. Ikifa unabadilisha betri umesimama, unaendelea na safari yako. Saa ya ufunguo ina vumbi, ina mafuta yanayokauka, ina springi inayochoka, na yote hayo yanataka kiti na mazungumzo. Zile za dhahabu nilimpelekea kijana wangu Dar es Salaam, nikaanza kutafuta za zamani. Nilikwenda Madaba, nikaenda Namtumbo kwa wakulima wa tumbaku ambao enzi za msimu mzuri walinunua saa za Uswisi, sasa wamezifungia kwenye masanduku pamoja na suti. Mtu akinitolea saa inayotembea vizuri niliisifu nikamrudishia. Nilichukua zilizokufa. Walidhani nina jicho kali mno, naona kasoro wasizoziona wao.

Fundi alizipokea moja moja. Aliifungua, akapuliza, akaguna. "Mngoni, hii umeitoa kaburini?" Tuliongea juu ya springi, juu ya vito vidogo vyekundu vinavyobeba magurudumu, juu ya ujinga wa kabila langu na uvivu wa kabila lake. Habari za mke wangu hatukuzigusa tena. Zake pia hatukuzigusa. Kwamba naye aliishi peke yake nilijua kwa shati lake, lililofuliwa vizuri na kushonewa vifungo vibaya. Ijumaa adhuhuri alifunga meza akaenda msikitini, Jumapili asubuhi mimi nilikuwa kanisani. Siku zote nyingine nilikuwa na sababu ya kwenda, maana hakuna saa iliyotoka kwake ikadumu. Baada ya muda inasimama. Nikimlalamikia alisema, "Hizi ni za kizee, zina maradhi ya kizee. Ziache, nitazitazama."

Wateja wengine walipungua. Saa mpya zilikuwa rahisi mno, zikiharibika watu wanazitupa. Majirani zake pale sokoni waligeukia kuuza betri na mikanda. Yeye alikataa kuuza betri. Ikafika wakati nikipita mbele ya meza ile naona saa zilizolala kwenye sanduku la kioo ni zangu peke yake.

Siku moja, akiwa ameinamia gurudumu, alisema, "Dada yangu kule Namtumbo ana nyumba yenye chumba. Na mahindi yake hayana mtu wa kuyavuna."

"Wewe na jembe?" nikamcheka. "Utalitazama kwa lenzi?"

Hakucheka. Nikaelewa. Nikaulizia bei ya mkanda wa ngozi ambao sikuuhitaji.

Akaniambia nimletee saa zote, hata zinazotembea. "Nataka kuzisafisha kabla sijaondoka, inshallah." Nilizifunga kwenye kanga ya mke wangu nikazibeba zote kwa pamoja. Alikaa nazo muda mrefu, na mara hii hakutaka nikae pale. Alinifukuza kwa utani, kisha bila utani. Nilizunguka sokoni nikanunua nyanya nisizozihitaji.

Asubuhi ya safari nilimkuta stendi, meza ameshaigawa, zana zake zimo ndani ya kopo la maziwa ya unga. Akanikabidhi kile kifurushi. Kupitia kitambaa nilizisikia zinatembea zote. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumtania kuhusu Wayao na mahindi, lakini alinitangulia.

"Shikamoo, mtani," akasema.

Hakuwahi kunipa hata siku moja. "Marahaba," nikaitikia, na sauti ilikuwa ndogo kama ya mgonjwa. Akapanda gari akakaa upande wa pili, nisikoweza kumwona dirishani.

Nilirudi nyumbani nikasubiri. Wiki ikapita, nyingine ikapita, hakuna saa iliyosimama. Nilidhani ni bahati. Mvua zikaja, unyevu ukaingia hadi kwenye unga, saa zikaendelea. Ilikuwa masika yamekwisha nilipoketi mbele ya sinia lile na kuelewa. Yule mtu alijua kuzitengeneza tangu mwanzo. Zilikuwa zinasimama kwa sababu kila alipofunga mfuniko aliacha kitu kimoja bila kukimaliza. Siku zile zote mimi nikijiona mjanja, natafuta saa mbovu ili nipate pa kukaa, naye upande wa pili wa meza alikuwa anahakikisha kiti hakikosi mtu. Siku alipoondoka alizitengeneza kweli, maana hakukuwa tena na mahali pa kuzirudisha.

Sasa nazitia ufunguo kila asubuhi nikiwa nimesimama mlangoni, kisha nawafungulia kuku. Zote ziko kwenye majira yake fundi, mshale kwenye namba ileile unayoitamka. Wageni wakisoma wanachanganyikiwa. Sizigeuzi.

Dada yangu huniuliza kwa nini nisipande gari niende kumsalimu. Analiona ni jambo dogo. Hajui kwamba mimi na yule mtu hatukuwahi kutembeleana. Mmoja alileta kazi, mwingine akaipokea, na yote tuliyokuwa nayo yalipita humo. Nimefikiria kuiacha mojawapo bila kuitia ufunguo, lakini angeizungusha mara moja kwa vidole akajua. Nimefikiria kuiangusha ile ndogo sakafuni. Niliinyanyua, nikahisi inavyogonga ndani ya kiganja, nikairudisha kabatini.

Namtumbo si mbali, na gari lipo kila asubuhi. Ninachokosa ni saa mbovu.