Mto Uliokauka

Nilikuwa kwa fundi cherehani mmoja Mkongomani hapa mtaani Bertrams, nikingoja suruali. Wakaingia Wazungu wastaafu, mzee na mkewe, wanaozunguka nchi majira yote ya baridi kwa gari lenye kitanda na jiko. Walileta pazia la gari hilo lishonwe. Mama akamwonyesha fundi, kwenye simu yake, picha ya matembezi yao kwenye mpaka wa kaskazini wa nchi hii: wameketi mchangani, wanakunywa chai.

"Huo ndio mto Limpopo," akasema. "Wakati wa baridi hukauka. Unavuka kwa miguu!"

Fundi akaikuza picha kwa vidole viwili, akaukagua ule mchanga kwa muda mrefu.

"Nzuri, mama," akasema, akamrudishia simu.

Walipotoka, akanigeukia. "Sisi tulivuka wakati wa mvua. Mdogo wangu alibaki majini."

Mtalii huulizia majira kabla ya kufunga safari. Anayekimbia bunduki atamuuliza nani? Nilitaka kumwambia hivyo, lakini alikuwa ameshaiinamia cherehani.

"Kumbe tungengoja miezi michache tu," akaiambia.