Moyo wa Salimu wa Zimamoto

Mwanangu, kuna mchana mmoja wa kiangazi ninaoukumbuka kama wa jana. Nilikuwa zimamoto kijana hapa Dodoma, na rafiki yangu mkubwa aliitwa Salimu, Mrangi wa Kondoa. Kwenye mazoezi hakuna aliyempita kukimbia na mpira wa maji begani.

Siku zile nazitamani mpaka leo. Tukirudi kutoka kwenye moto tulikaa kwenye mabenchi ya kituo, nguo zinanuka moshi, tunakula chipsi mayai na mbuzi choma, chumvi tele, soda baridi pembeni. Tulicheka, jamani! Mkuu wetu wa zamu, Afande Ndahani, mama mtu mzima wa Mlali, alikula chakula alichotoka nacho nyumbani: ugali wa uwele, mlenda na kunde.

"Afande, hicho si chakula cha bibi yangu?" Salimu alimtania.

"Na bibi yako bado analima, au siyo?" alijibu, akaendelea kula.

Mchana huo tuliitwa kwenye kiwanda cha kukamua alizeti. Mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, yalikuwa yanawaka, na upepo wetu wa Dodoma unaujua. Tulihangaika na moto huo mpaka jua likaanza kushuka. Moto ulipozimika, Salimu aliketi kwenye ngazi ya gari, kiganja kifuani.

"Kiungulia tu," alisema. "Na mkono huu wa kushoto umekuwa mzito."

Nikacheka. Nikamfungulia soda. "Kunywa, ucheue, twende zetu."

Afande Ndahani akaja, akamgusa paji la uso. Jasho lilikuwa la baridi.

"Mpakieni garini, tunakwenda hospitali!" Kisha akanigeukia, sauti chini. "Mwenzio ameshika kifua, wewe unampa soda?"

Nikaiweka soda chini, nikamshika Salimu kwapani tukampakia.

Salimu alipona, tunashukuru. Daktari alitueleza kwamba mafuta mengi, moshi tunaovuta na usingizi wa mang'amung'amu huchokoza mishipa ya moyo, ikavimba ndani kwa ndani pasipo mtu kujua, mpaka damu ikakosa njia. Salimu hakurudi tena kwenye moto. Alipewa kazi ya kupokea simu, na kila gari lilipotoka alisimama dirishani mpaka vumbi litulie.

Siku moja aliniambia, "Kifua kilikuwa kinaniuma wiki nzima. Nilinyamaza kwa sababu nilijua utanicheka."

Maneno hayo yaliniuma kuliko moto wowote ulionibabua.

Sasa na wewe umevaa sare ya zimamoto, mwanangu, nasikia mnaagiza chipsi kwa bodaboda. Sikukatazi nyama, mimi ni Mgogo, mtoto wa wafugaji, nitaanzia wapi? Lakini iwe ya siku mojamoja. Siku nyingine kula mboga za majani, maharage, karanga, samaki akipatikana, na maji yawe mengi kuliko soda. Chumvi punguza. Sigara achana nayo kabisa, moshi wa kazini unatosha. Kapime presha hata kama unajiona mzima. Na kifua kikibana, sema saa hiyohiyo. Mwenzako akisema, usimcheke, mkimbize hospitali.

Mungu aulinde moyo wako kila kengele ikilia, akurudishe kwa mama yako ukiwa salama, na akupe uzee wenye pumzi ya kutosha.